Koti la Shemeji Haji

Koti la sufi halina kazi Unguja. Mwezi uliopita, siku ya pili baada ya hitima ya mume wa dada yangu Rukia, niliingia chumbani kwake Mwanakwerekwe nikalikuta limetundikwa nyuma ya mlango, jeusi, zito, kola imechakaa, na joto lenyewe lilikuwa lile ambalo kila mtu yuko kwenye kanga moja na bado anajipepea. Nikacheka, Mungu anisamehe, ndani ya nyumba ya msiba. Rukia akaniangalia, akaliangalia koti, na yeye akacheka mpaka akakaa kitandani. Wanawake waliokuwa ukumbini wakachungulia kuona tumepatwa na nini. Hatukuwaeleza, maana ingekuwa hadithi ndefu, na mwenye koti alikuwa ameshapumzika. Lakini tangu nirudi kwangu sijaacha kumfikiria. Haji alikuwa mmoja wa wanaume wachache niliowaheshimu bila kulazimishwa, na kama mtu angeniuliza nilimjulia wapi, ningesema nilimjulia ndani ya mwaka mmoja, mwaka nilioishi kwao Riyadh.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita na nilijiona najua dunia. Nilikuwa nimepata kazi ya msaidizi kwenye kliniki ya meno mtaa wa Al-Suwaidi, na Rukia, ambaye ni binti wa mama yangu mkubwa, akasema sitapanga na watu nisiowajua wakati yeye ana chumba. Walikaa ghorofa ya tatu: vyumba viwili, ukumbi uliotandikwa zulia jekundu, na jiko dogo lenye dirisha lililoangalia tanuri la mikate mikubwa ya Kiafghani, hivyo asubuhi nyumba nzima ilinukia mkate hata kama sisi wenyewe tunakunywa chai kavu. Rukia alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto katika hospitali moja ya binafsi. Haji alikuwa fundi wa mashine za hospitali, zile za kupumulia na za kusafishia figo, na alizizungumzia kama mtu anavyowazungumzia ng'ombe wake, hii mpole, ile ina kiburi. Chumba changu na jiko vilitenganishwa na ukuta wa mbao. Sikuwa na haja ya kutega sikio, maneno yalikuja yenyewe. Na maneno ya kwanza niliyoyasikia kila siku, kabla hata sijafumbua macho vizuri, yalikuwa ya Rukia akiuliza, "Baba Nasra, matumizi?" na Haji akijibu, "Yako kwenye koti."

Ndiyo desturi yetu, na kwa msomaji wa bara labda nieleze. Kwetu mume ndiye anayeacha pesa ya chungu kabla hajatoka. Mke akiwa na mshahara, mshahara ni wake. Akitaka kutoa, ametoa kwa hiari, na hakuna wa kumdai. Mshahara wa Rukia ulikuwa unajenga nyumba, hiyo hiyo ya Mwanakwerekwe ambayo juzi ilijaa watu wa hitima, na kumsomesha binti yao Nasra aliyebaki kwa bibi yake. Mshahara wa Haji ulilipa kodi na kutulisha. Koti alilinunua mwaka wake wa kwanza pale, maana mtu wa pwani ukimwambia Riyadh kuna baridi anakuona mwongo, mpaka Januari imkute na shati lake jembamba na midomo iliyopasuka. Baridi ikaisha, koti likabaki kwenye msumari nyuma ya mlango wa jiko mwaka mzima, likawa ndiyo hazina ya nyumba. Mie nililiona jambo la kuchekesha. Nilimwambia Rukia watu wengine wana benki, nyinyi mna sufi.

Wakati huo tulikuwa na kikundi, sisi watu wa Afrika Mashariki wa Riyadh na wa Jeddah, Waislamu na Wakristo, mwalimu na mfanyakazi wa ndani, wote ndani. Tulikiita Kapu. Wenyeji wakipoteza kazi wana fungu lao la serikali. Sisi wageni fungu letu lilikuwa Kapu. Kila mmoja alitia chochote kila mwezi, na aliyeachishwa kazi alisaidiwa miezi mitatu wakati anatafuta kafili mwingine, yaani mwajiri mpya wa kumdhamini, kabla ikama yake, kibali cha kukaa nchini, haijaisha na yeye hajarudishwa kwao. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Barasa, Mluhya mnene mwenye sauti ya kanisani, aliyefundisha Kiingereza katika shule ya kimataifa. Mwanzoni mwa mwaka ule watu walioachishwa walikuwa wengi na Kapu lilikuwa linaonesha kitako. Ndipo Haji akasimama kwenye mkutano akatoa wazo lake: mwanachama ambaye mwenzi wake anafanya kazi asipewe, apishe wale walio peke yao. Akasema anaanza na nafsi yake, kwamba yeye akianguka Rukia yupo, na Rukia akianguka yeye yupo. Watu walipiga makofi. Mtu anapojifungia mlango mwenyewe ni vigumu kumpinga, na kanuni ikapita bila hata ya kahawa kupoa.

Wa kwanza kukamatwa nayo alikuwa Nafula. Alikuwa Mkenya kutoka Kitale, mfanyakazi wa ndani katika jumba moja la Al-Hamra, Jeddah, na tulimjua kwa simu zaidi kuliko kwa sura, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiwachangisha wanawake wenzake wa Jeddah na hakuna mwezi aliochelewa. Madam wake mzee alifariki, watoto wakafunga nyumba. Walimtendea haki, wakakubali kumwachia ahamie kwa kafili mwingine, lakini kafili mwenyewe amtafute. Akaomba kwenye Kapu. Mwalimu Barasa akamuuliza kama kanuni inavyotaka: ana mume? Anaye. Anafanya kazi? Anafanya, ni dereva wa lori huko kwao. Basi, halas. Jioni ile tulikuwa tunakula wali wa nazi ya kopo na samaki wa kukaanga, na Rukia akala kimya, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akasema kwamba mume aliye Kitale si mume aliye mezani. Haji akajibu taratibu kwamba kanuni ikianza kuchagua nyuso itakufa. Walibishana mpaka samaki akapoa. Hawakupigiana kelele, hao hawakuwa watu wa kelele, ila Rukia aliondoa sahani ya mumewe kabla hajamaliza.

Haukupita muda mrefu Haji akarudi nyumbani saa nne asubuhi na sanduku lake la vifaa. Hospitali ilikuwa imebadilisha kampuni ya matengenezo, kampuni mpya ilikuja na mafundi wake. Mimi siku hiyo nilikuwa na zamu ya jioni, nilimfungulia mlango. Aliweka sanduku juu ya zulia, akaomba maji, akayanywa amesimama, kisha akaniuliza kama Rukia ameshaamka. Mambo yalikuwa wazi na hakuna aliyeyapamba: asipopata kafili mwingine kabla ikama haijaisha, atarudi Unguja, na Rukia atabaki peke yake kwa sababu nyumba haijaezekwa na Nasra bado anasoma. Walikuwa wamekaa miaka mingi wakikataa kuwa mke na mume wa kwenye simu, kama walivyokuwa wengi wetu. Sasa jambo hilo ndilo lililowakodolea macho.

Na asubuhi iliyofuata, kupitia ukuta wa mbao, nikamsikia dada yangu: "Baba Nasra, matumizi?" Niliruka kitandani. Nilisema moyoni huyu mwanamke ana roho ya jiwe, mtu jana kapoteza kazi leo unamdai pesa ya kitunguu. Haji akajibu kama siku zote. Siku ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Nilikuwa nimeshatayarisha hotuba ya kumpa Rukia, tena hotuba kali, mpaka nilipoamka mapema kuliko kawaida kwa ajili ya maji ya kunywa nikamkuta jikoni peke yake, bado na shuka lake la kusalia, mkono wake umo ndani ya mfuko wa koti. Alikuwa anatia. Aliniona, akatoa mkono, akawasha jiko. Hakuniambia ninyamaze, alijua nitanyamaza. Baada ya robo saa Haji akatoka chumbani, akakaa, na Rukia akauliza swali lake na akapata jibu lake, akaenda kwenye koti akachukua alichokiweka mwenyewe, akanipa niende kwa Mwafghani nikalete mikate. Nilidhani wakati ule kwamba anamficha mumewe. Ujinga wa ujana. Haji alikuwa mtu wa kutofautisha mlio wa mashine mbili zilizofanana. Atashindwa kujua mfuko wake ulikuwa mtupu jana usiku? Alijua, na Rukia alijua kwamba anajua. Walichokuwa wakikilinda ni yale maneno mawili ya asubuhi, kila mmoja abaki mahali pake mpaka mambo yatakapotengenea. Sijaona adabu kubwa zaidi ya ile kati ya watu wawili, na mimi nimeolewa mara mbili.

Kwa kuwa alikuwa na nafasi, Haji alisema twende tukafanye umra, na tukirudi tupitie Jeddah kuonana na fundi mwenzake wa zamani, Mmisri, aliyeahidi kumsikilizia kazi. Rukia akasema na Nafula tumpitie. Haji hakukataa. Nafula alikuwa amehifadhiwa na Wakenya wenzake Al-Nuzha, chumba kimoja cha wanawake watano, magodoro yamesimamishwa ukutani mchana ili watu wapate pa kukaa. Tulimkuta ni mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye kicheko cha ghafla, na aliyetuchukulia kama wakwe. Alikuwa amesonga ugali kwa unga alioletewa na mtu kutoka Nairobi, na kwa kukosa sukuma wiki akapika mlenda wa Kiarabu, mulukhia, akaukaanga kwa nyanya mpaka ukasahau asili yake. Haji, kwa kuwa chumba ni cha wanawake, alipewa kiti nje kwenye ujia, mlango ukaachwa wazi nusu, na sinia lake likapelekwa huko. Mimi nilikaa karibu na mlango, namwona goti na mkono tu. Nafula hakutaja Kapu hata mara moja. Alimpakulia mtu aliyemfungia mlango kipande kikubwa cha ugali kuliko chetu.

Tukiwa katikati ya kula, simu yake ikaita, ni mumewe. Chumba kama kile hakina siri, alisimama tu akageukia ukutani. Tulimsikia akisema hajapata kazi bado. Akasikiliza. Akasema hapana, hata hiyo ya fees hana, aulize kwa ndugu yake. Kisha akasema, kwa sauti ya chini isiyo na hasira, kama mtu aliyesema jambo hilo mara nyingi: "Baba Joy, hii miaka yote umeshawahi nitumia hata ya credo ya simu? Sikulaumu. Nakuuliza tu." Akarudi, akakaa, akatuuliza kama tumeongezewa mboga. Wenzake walikuwa wameinamisha vichwa. Mimi niliangalia nje ya mlango, na ule mkono wa Haji ulikuwa umesimama juu ya sinia, umeshika tonge, haupandi haushuki. Alikaa hivyo mpaka Rukia akamwita kumuuliza kama anataka maji. Alipoondoka alimshukuru Nafula kwa chakula kwa maneno mengi kuliko mazoea yake, na njia nzima ya kurudi Riyadh hakufungua redio.

Mkutano wa Kapu ulikuwa Ijumaa, nyumbani kwa Mwalimu Barasa, hapo hapo Al-Suwaidi. Wanaume walikaa sebuleni, sisi wanawake chumba cha ndani, mlango wazi, sahani za mandazi na bilauri za chai zikizunguka. Safari hii mambo yalikuwa yamepangwa kwa upendo. Haji alipendwa na watu wale; hakuna ambaye hakuwahi kutengenezewa naye pasi au simu bila malipo. Walikuwa wamekwishashauriana kwamba lazima asaidiwe, na walikuwa wamepata njia safi kabisa. Mwalimu Barasa akaieleza kwa ile sauti yake, na sisi ndani tukaisikia kila neno.

"Brother Haji, case yako ni tofauti. Kwenu Waislamu pesa ya mke ni ya mke, hiyo hata mimi najua. Hana lazima ya kukulisha. So kwa sheria, wewe ni kama mtu hana mwenzi anafanya kazi. Sema tu ni hivyo, tupitishe, tule."

Na ilikuwa kweli. Hicho ndicho ninachotaka msomaji akione. Haji hakutakiwa kusema uongo. Angesema ndiyo, sheria haimlazimishi, akakaa chini, na hakuna sheikh ambaye angemsahihisha. Siku zake za ikama zilikuwa zinakwisha, na ule msaada ungempa nguvu ya kusubiri bila kumlia mkewe bati la nyumba. Isitoshe, mle sebuleni kulikuwa na vijana wa kwetu ambao mwanamme anayelishwa na mkewe humwita marioo, na jina hilo likishakuganda hata maji hayalitoi. Rukia alikuwa ameshika bilauri ya chai. Aliiweka chini.

Haji alisimama. Kisha akasema kweli, sheria haimlazimishi. "Lakini ananilisha," akasema. "Tangu siku niliyorudi na sanduku langu sijanunua hata chumvi. Nakula vizuri, kama mnavyoniona. Mume wa Nafula anafanya kazi, na Nafula hajapata kwake hata pesa ya vocha. Sisi tuliuliza kama mwenzi anafanya kazi. Hatukuuliza kama analisha. Maneno yale niliyaleta mimi, na mimi nayatengeneza. Mimi ninaye, yeye hana. Mpeni yeye."

Mwalimu Barasa akauliza, kwa sauti ya kawaida sasa, na yeye Haji atafanyaje. Haji akajibu kwamba yeye leo ameshakula. Kuna kijana alicheka, akanyamazishwa. Huku ndani wanawake wote walikuwa wanamtazama Rukia, na mimi nilitarajia atainamisha uso, kwa kuwa mumewe ametangaza mbele ya kundi lile jambo ambalo wao wawili walilifunika kila alfajiri kwa ustadi mkubwa. Hakuinamisha. Alikaa wima kama mtu anayepigwa picha, machozi yanamtoka na hayafuti, akasema kwa sauti ambayo nadhani ilifika sebuleni, "Huyo ni mume wangu." Basi. Kisha akaanza kupakua wali, maana watu walikuwa na njaa.

Kanuni ilibadilishwa siku ile ile. Tangu hapo mwombaji hakuulizwa kama mwenzi wake ana kazi, aliulizwa nani anamlisha, na akaaminiwa. Nafula alipewa, akapata pumzi ya kuchagua, akakataa nyumba mbili zenye dharau na akaingia kwa familia nzuri hapo hapo Al-Nuzha. Jina la marioo lilimfuata Haji mpaka kwa kinyozi, ila yeye alilichukua mapema akalifanya lake. Akipigiwa simu na vijana alipokea kwa kusema hapa ni kwa marioo wa Suwaidi, nikusaidie nini, na mzaha ukafa kwa kukosa wa kuumia. Ikama ilifika mahali pa kutisha. Begi lake lilikaa ukumbini juu ya lile zulia jekundu, limefungwa nusu, na tukawa tunaliruka tukipita bila kulitaja. Kila asubuhi swali liliulizwa na kila asubuhi jibu lilitolewa. Rukia aliacha ujenzi usimame, akakanusha kwamba umesimama, akasema mafundi wako likizo. Kisha Mmisri akapiga simu. Kituo kimoja cha kusafisha figo Jeddah kilikuwa na mashine zenye kiburi, na wanamtaka fundi, na watamhamishia ikama. Haji alisikiliza, akasema alhamdulillahi mara tatu, akaenda jikoni, akasimama mbele ya koti na kulishika tu begani, kama unavyomshika mtu. Alienda Jeddah wa kwanza, Rukia akamfuata alipopata uhamisho, na katikati hapo Nafula alikuwa akimpelekea chapati kila Ijumaa kupitia dereva wa bosi wake, akisema kwamba zamu yake ya kumlisha imefika.

Niliondoka kwao mwisho wa mwaka ule kwenda kwenye maisha yangu, ambayo hayahusu hapa. Haji alifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, na najua alilijaza koti mwenyewe mpaka siku walipofunga mizigo kurudi nyumbani. Walilibeba. Kati ya vitu vyote ambavyo mtu hutoka navyo Arabuni, majokofu na mazulia na marashi, Haji alibishana na watu wa uwanja wa ndege juu ya uzito wa koti.

Asubuhi ya mwisho kabla sijaondoka Mwanakwerekwe, wageni wa mbali walikuwa bado hawajatawanyika na mkate ulikuwa umekwisha. Nilikwenda mlangoni kwa Rukia, amekaa juu ya mswala, eda imemfungia ndani, tasbihi mkononi. Nikamuuliza, bila kufikiri, kama mtu anavyouliza katika nyumba yoyote, pesa ya mkate nichukue wapi. Hakuinua kichwa.

"Yako kwenye koti," akasema.

Nikatia mkono. Zilikuwamo, noti za sasa, zimekunjwa vizuri, zimewekwa alfajiri. Nilibaki nimesimama na mkono wangu mle ndani, sufi inaniwasha, nikamwangalia dada yangu, na yeye sasa alikuwa ananiangalia.

"Haji hajaniacha hata siku moja bila matumizi, Zulfa," akaniambia, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesema kweli tupu. "Chukua, uwahi mkate wa moto."

Nikachukua, nikaenda.